Ng'ombe Hapandi Mezani

Msiniulize nilishindaje. Kila kijana anayefika hapa kwangu Gesima, akishakunywa chai na kuniuliza hali ya magoti, huvuta kiti karibu na kuanza: "Babu, ni kweli ulikuwa mcheza karata? Ulikuwa unashindaje?" Juzi amekuja mjukuu wangu mmoja, simu mkononi, ananionyesha karata zinazong'aa kwenye kioo. Anacheza na watu asiowajua sura wala majina. Nikamuuliza pesa anatoa wapi. Akasema ziko humo humo kwenye simu, pale pale mshahara unapoingia. Nilishtuka hadi nikamwaga chai kwenye suruali. Yaani mfuko wa unga na mfuko wa karata umekuwa mfuko mmoja! Na yeye anacheka, ananiambia, "Babu, mambo yamebadilika."

Basi nimechukua kalamu, maana nikiyasema kwa mdomo mnacheka kabla sijamaliza. Kazi yangu ilikuwa poka. Si kamari ya kurusha senti kando ya barabara. Poka ni ile ya kila mtu kupewa karata tano, ukabadilisha mara moja zile usizozitaka, halafu mkapimana vifua kwa dau. Niliifanya miaka ya sitini, uhuru ungali mchanga, na sehemu ya sabini. Nilitoka nyumbani asubuhi nimechana nywele kama karani yeyote, nikafuata siku za soko na siku za malipo. Pareto ikilipwa Nyamache, niko Nyamache. Chai ikilipwa, niko huku kwetu. Siku ya mnada wa mifugo niko Kisii mjini, kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani ambaye kelele za mashine yake zilitukinga na masikio ya askari wa chifu. Ijumaa jua likielekea kuzama tulikusanya karata, kwa sababu nusu ya meza walikuwa watoto wa Wasabato, na hata mcheza karata ana mama.

Aliyenifundisha alikuwa Okech, karani wa mizani kwenye ghala la mazao mjini, mtu wa kutoka upande wa ziwani. Alijifunza poka jeshini, vitani Burma, na alirudi na mambo mawili: makovu ya mguuni na karata hiyo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia asiyoivua hata akila, na aliniita omera, yaani ndugu kwa lugha yao. Nilidhani atanifundisha ujanja wa mikono. Miezi ya kwanza hakunigusisha karata hata moja! Alinikalisha kwenye hoteli iliyo mkabala na kwa fundi, akaniambia niwatazame watu wanaotoka kucheza.

"Natazama nini, mzee?"

"Tazama sahani. Mtu amepoteza, anaingia hapa, analetewa ugali na nyama. Akikula yote, huyo alikuja na pesa yake ya meza. Akishindwa kukula, huyo alileta ya nyumba. Hiyo ndiyo poka yote, omera. Ingine ni bahati."

Nilitazama. Sikuamini macho yangu. Mwalimu wa shule, tai shingoni, akikaa mbele ya sahani hadi mafuta yakaganda. Mwenye duka la vyombo akichezea tonge moja mpaka mhudumu akamuuliza kama anaumwa. Watu waliovaa vizuri kuliko mimi, na hakuna aliyeweza kumeza. Okech yeye akipoteza alikula, akaomba na mchuzi wa kuongeza.

Sheria zake zilikuwa chache. Mtaji wa meza ukae kwenye chombo chake, usichanganywe na kitu, na usiutumie kwa mambo ya nyumbani hata mke akilia, kama ambavyo fundi seremala hapiki kwa mpini wa nyundo. Kwenye chumba uingie na kipande kidogo tu cha mtaji huo. Kikiisha, unasimama na kuaga, hukopi mezani hata kwa ndugu yako. Ukipigwa mara mbili tatu mfululizo, shuka meza. Toka mjini, nenda kacheze Nyamache na wakulima wa pareto kwa vijisenti mpaka damu itulie. Vijana wengi waliona hilo ni aibu. Mimi nilishuka mara nyingi hadi wakulima wa Nyamache wakaniuliza kama nimenunua shamba kule.

Na kule Nyamache kulikuwa na maajabu yake. Hatukuweka pesa mezani, tuliweka maharagwe. Unanunua maharagwe kwa mwenye nyumba, unacheza, mwishoni anayanunua tena kutoka kwako. Tulicheza hivyo muda mrefu kwa amani. Siku moja mwenye nyumba anamaliza kulipa watu, anatazama meza, anapiga yowe. Pesa zimemwishia na bado kuna rundo la maharagwe! Tukatazamana. Kumbe mzee mmoja mpole, aliyekuwa akipoteza kila wiki bila kulalamika, alikuwa amevuna. Maharagwe yake yalikuwa aina ile ile, mekundu yenye madoa, na koti lake lilikuwa na mifuko mirefu. Alipobanwa alisema, bila hata kuona haya, "Lakini si nimelima mwenyewe?" Tangu siku hiyo tukawaagiza wachongaji wa Tabaka watutengenezee vipande vya mviringo vya mawe, na mvua ikinyesha vile vipande vilikuwa baridi vidoleni.

Mnacheka. Ngojeni niwaambie la mabati, mwone kama mtacheka. Kulikuwa na kijana fundi wa baiskeli aliyeishiwa mezani akasema anaweka mabati ya nyumba yake. Watu wakadhani ni mzaha, wakampa vipande. Akapoteza. Kesho yake mchana nilipita kwake kwa shughuli zangu, nikakuta mshindi yuko juu ya nyumba na ngazi na nyundo, anang'oa mabati moja moja, na chini, ndani ya nyumba hiyo hiyo, mke wa kijana anasonga ugali huku jua linampiga kichwani. Mwanamke hakuinua uso. Aliendelea kusonga tu. Nilisimama pale kwenye njia mdomo wazi, na tangu hapo nikajiwekea sheria yangu mwenyewe ambayo Okech hakunifundisha: kitu kisicho pesa hakiingii kwenye mchezo wangu. Mtu akiweka bati, shamba, baiskeli au mnyama, mimi naweka karata zangu chini. Wenzangu wakaifanya utani, wakanibandika jina. Nikiingia tu chumbani mtu alisema, "Huyo amekuja, Ng'ombe Hapandi Mezani."

Lakini ng'ombe mwenyewe nilimhitaji sana. Hapa ndipo mnisikilize vizuri.

Nyumba yetu haikuwa na dada. Mnajua maana yake. Kwetu, ng'ombe wa mahari wanaoingia dada anapoolewa ndio wanaotoka kaka yake anapooa. Sisi tulikuwa wavulana wawili, mimi na mdogo wangu Nyabuto, na baba alikuwa amekufa. Kwa hiyo ng'ombe wa Nyabuto ilibidi watoke kwangu, mkubwa. Na Nyabuto, kwa haraka zake, alikuwa ameshamleta msichana nyumbani. Jina lake Moraa, binti wa Nyamache, mchapakazi, tayari anampikia mama yetu na kumsuka. Baba yake alikuja kutuona mara moja. Alikunywa uji wake akaumaliza, akafuta mdomo, akasema, "Mahindi yakishavunwa na ng'ombe sita sijawaona, nitakuja kuchukua mtoto wangu." Mama alimpenda Moraa kama macho yake. Kila jioni alinitazama bila kusema kitu, na ningeona afadhali angesema.

Pesa ya ushindi ni utelezi. Ukiiweka nyumbani, mjomba anaugua. Ukiiweka mfukoni, meza inaita. Nikaona nifanye kama wazee wetu. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote kwenye zizi lake. Anampelekea rafiki wa mbali mtamba mmoja au wawili, rafiki anakamua maziwa, anatumia mbolea, na ng'ombe akizaa mara kadhaa naye hupewa ndama wake. Jambo hilo hujulikana na nyinyi wawili tu, pengine na shahidi mmoja. Ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi, na jamaa wenye shida hawajui ulicho nacho. Nikajiambia, benki gani inashinda hiyo? Ng'ombe akiwa kwenye kilima cha mbali, hata wazimu wa karata ukinishika, siwezi kumfikisha mezani. Kila nikishinda vizuri nilinunua mtamba na kumwekesha.

Mke wangu Kwamboka hakupenda. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Mimi nikamjibu kwamba fimbo ninayoiogopa ni ile ya karibu, na nikajiona nimejibu kwa akili sana.

Niliyemwekeshea alikuwa mzee Barongo wa Nyaramba. Mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti nzito, hajawahi kugusa pombe. Siku ya kwanza nilipotoa kitambaa mfukoni na karata moja ikaanguka, alirudi nyuma hatua nzima. Nikasema huyu ndiye! Kila nilipompelekea mtamba aliniuliza, "Na huyu ametoka wapi?" nami nikamjibu kwa heshima ya baba, "Mezani, tata." Akatikisa kichwa, akaniombea, akafungua mlango wa zizi. Mwisho nikawa na mitamba wanne kwake. Wawili nilikuwa nao nyumbani. Sita wametimia, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu.

Okech aliposikia aliniuliza, "Kwa nini zote kwa mtu moja?"

"Kwa sababu ni mtu wa Mungu, mzee."

"Mungu, sawa," akasema. "Na mtu je?"

Nilidhani anasema hivyo kwa sababu hakuzoea makanisa ya huku.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mnada mjini, alasiri. Mvua ya mawe ilianguka juu ya bati la fundi cherehani mpaka hatukusikiana, tukawa tunaongea kwa vidole. Tulibaki watatu kwenye mchezo: mimi, Okech, na kijana mmoja mswaga ng'ombe anaitwa Mochama, aliyekuwa akipeleka mifugo Sotik na kurudi. Mkononi nina wafalme watatu. Jamani, wafalme watatu! Mochama ameishiwa vipande lakini hataki kuacha. Mvua ilipopungua kidogo akasema kwa sauti, "Naongeza ng'ombe. Mtamba, nyekundu, iko Nyaramba. Nilishinda juzi, bado sijachukua."

Watu wakanigeukia wakicheka. Mtu wa pembeni akaniambia, "Haya, mwenye sheria, tuone leo."

Niliwatazama wafalme wangu. Niliwaweka chini, uso chini.

Okech akabaki. Yeye hakuwa na shida na wanyama. Kwake ng'ombe ni pesa inayokula majani. Wakafunua. Mochama alikuwa na jozi moja. Okech jozi mbili ndogo, za nane na za tano. Wafalme wangu wangewameza wote wawili! Moyo uliniuma hadi nikanywa maji, lakini nilijisifu pia, kwa sababu sheria isiyouma si sheria. Niliingia hotelini mkabala nikala sahani yangu yote.

Kesho yake Okech alinifuata. "Omera, nisindikize Nyaramba nichukue ng'ombe yangu. Kikisii changu ni ya kununua ndizi tu. Utanitafsiria."

Tukaenda. Mochama alikuwa ametuelekeza nyumba: kivuko cha mawe, miti ya mikalitusi, mlango wa bluu. Kadiri tulivyopanda ndivyo miguu yangu ilivyoanza kunijulisha jambo ambalo kichwa kilikataa. Kivuko hicho nakijua. Mikalitusi hiyo naijua. Nilisema moyoni, labda ni jirani. Okech yuko mbele anapiga mluzi.

Mlango wa bluu ulikuwa wa Barongo. Na kwenye zizi, peke yake, amesimama mtamba mwekundu, sikio la kushoto lina mkato nilioukata mimi mwenyewe kwa kisu changu.

Nikamshika Okech koti.

"Nini?"

"Huyo ng'ombe ni wangu."

Okech alicheka kwanza. Kisha akanitazama uso, akaacha kucheka. Akaenda akakaa kwenye jiwe na kuvua kofia yake. Miaka yote ile sikuwahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na upara katikati. "Nimecheza kutoka Burma mpaka Kisumu," alisema polepole. "Hii sijaona."

Nilishikwa na kichaa cha ajabu, nikataka kucheka na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Wafalme watatu! Jana nilikuwa na uwezo wa kumtwaa ng'ombe wangu mwenyewe, nikamwacha apite kwa sababu ng'ombe hapandi mezani. Mpaka leo nikiamka vibaya huwaona wale wafalme.

Barongo alitoka nyumbani akiwa na ndoo. Alipotuona, mimi na mgeni, ndoo ilimtoka mkononi ikabiringika hadi miguuni pangu.

"Tata," nikamwambia, "wale wengine wako wapi?"

Nilitazama zizi tena. Mimi niliacha wanne, na yeye alikuwa na ng'ombe wake wengi, kundi zima la mahari ya binti yake Kerubo aliyeolewa mwaka uliotangulia. Zizi lilikuwa tupu, mbolea imekauka, na mtamba wangu mmoja anatafuna.

"Tata, wako wapi?"

"Wameenda," akasema. "Wamepanda mezani."

Nilimkamata shati, mzee wa rika la baba yangu, Mungu anisamehe, nikamuuliza yeye na karata wapi na wapi. Yeye aliyeogopa karata moja iliyoanguka! Akaongea Kiswahili ili Okech naye asikie, kana kwamba yuko mbele ya baraza.

"Wewe ulikuja hapa mara ngapi? Mara nne. Kila mara na ng'ombe. Nauliza imetoka wapi, unasema mezani. Sikukuona hata siku moja unakuja mikono tupu. Nikasema, mimi nalima, nachuma, naomba Mungu, sijaleta hata ndama. Na huyu kijana anakaa kwenye kiti tu, ng'ombe zinakuja. Nikajiuliza, kwa nini huo mchezo unipite?"

Vijana, nilimwachilia shati. Kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Siku nilizopoteza, na zilikuwa nyingi kuliko nilizoshinda, sikwenda Nyaramba. Ningeenda kufanya nini? Nani hupeleka mikono mitupu kwenye zizi la mtu? Alichoona yeye ni mtu anayeshinda kila mara, na nilimwonyesha mimi, mmoja baada ya mwingine, kwa kamba.

Wakati huo mkewe, Mama Kerubo, alikuwa amesimama mlangoni na chungu. Hatukujua amesikia tangu lini.

"Ng'ombe za Kerubo," alimuuliza mumewe. "Uliniambia umeziwekesha Sotik. Uliniambia umezigawa kwa watu, ugonjwa usizimalize."

Barongo akainama kuokota ndoo.

"Za Ogeto kuolea," mama akasema. Ogeto alikuwa mwana wao, umri wa Nyabuto, na siku hiyo alikuwa shambani kwa jirani. "Za mtoto wangu. Hata hizo?"

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Hakulia, hakupiga kelele. Aliweka chungu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Yaani desturi ile ile niliyoisifu kuwa benki, ya ng'ombe kujulikana na watu wawili tu, ndiyo iliyomfichia mwanamke huyu uharibifu mbele ya macho yake. Ng'ombe akitoka zizini, amewekeshwa. Nani atauliza?

Okech alisimama akavaa kofia. Alimwambia Barongo, nami nikatafsiri ijapokuwa haikuhitajika, kwamba yeye anadai wacheza karata, hadai ng'ombe wa mtu mwingine, na atalimaliza na Mochama. Kisha akanipa kamba ya mtamba wangu mkononi. Mama Kerubo alitufuata hadi mlangoni. Jambo moja tu alituomba: Ogeto asisikie kutoka kwetu. "Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nikipata mdomo."

Nilirudi Gesima na mmoja kati ya wanne. Watatu wamepungua, na mahindi yameanza kukauka shambani. Nikamweleza Kwamboka. Nilitegemea aniambie habari za fimbo na nyoka, nilistahili. Alienda kwenye kona, akaleta kopo langu la mtaji wa meza, lile ambalo miaka yote hakuwahi kuruhusiwa kuligusa, akalitua mbele yangu.

Sheria ya kwanza ya Okech: mtaji hautumiki nyumbani. Usiku... la, sitawadanganya kwamba nilikesha. Niliamua hapo hapo. Nilimwaga kopo, nikaenda mnadani nikanunua mitamba watatu, si wazuri sana, na wote sita wakafika Nyamache baba yake Moraa akiwa bado anavuna. Akawakagua meno na kwato mpaka nikachoka, akasema watatu hawa ni wembamba, lakini akapokea. Moraa akabaki. Mama akaimba siku nzima.

Nilipomwambia Okech kwamba mtaji umekwisha, alifikiri kidogo. "Umefanya vizuri," akasema. "Sheria nilikupa ilikuwa ya kulinda nyumba." Akaninunulia ugali, akatazama sahani yangu kwa mazoea, nikala yote. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Baada ya hapo nilipanda chai kama watu wote.

Lakini siku ya sherehe ya Nyabuto ndipo nilipopata mshtuko ulionizidi nguvu. Watu wanakula, wanacheza, Nyabuto ameketi kando yangu na mfupa mkononi, midomo inang'aa mafuta. Akaniinamia sikioni, kwa mapenzi kabisa.

"Kaka," akasema, "huo mchezo uliokupa ng'ombe sita. Nifundishe na mimi."

Nilimtazama. Huyu ndiye niliyemwagia kopo! Nilimwambia tu kesho avae viatu, tuna safari.

Njiani nilimsimulia yote ya Barongo, na kwamba Ogeto asisikie kutoka kwetu. Tulifika Nyaramba asubuhi. Zizi la Barongo lilikuwa limelimwa. Mbolea ya miaka mingi ilikuwa imezaa chinsaga, ile mboga yetu chungu, imeshiba, majani mapana, sijaona nzuri kama ile. Mama Kerubo alikuwa katikati anachuma. Na kijana wake Ogeto alikuwa anapalilia upande wa pili, kifua wazi, akaja kutusalimia kwa furaha. Alikuwa amesikia habari za sherehe.

"Nyabuto, umetuacha!" akamwambia ndugu yangu na kumpiga bega. "Na mimi niko nyuma yako. Ng'ombe za Kerubo ziko Sotik, zimewekeshwa. Baba amesema zikirudi tu, naoa. Hapa tumelima kwa muda, kabla zirudi."

Nilimtazama Mama Kerubo. Aliinama zaidi kwenye mboga, vidole vikaendelea kuchuma, kisha akafunga mafungu mawili kwa nyasi, akampa Nyabuto. "Mpelekee mke wako," alisema.

Nyabuto alibeba yale mafungu hadi Gesima. Habari za karata hakuzitaja tena, siku hiyo wala baadaye.

Jioni Moraa aliichemsha ile chinsaga, akaiunga kwa maziwa kama inavyotakiwa, akatuletea na ugali. Nyumba nzima ilikula na kumsifu mkono wake. Sahani yangu mimi ilipoa pale mbele yangu, mpaka Kwamboka akaja akaiondoa.